Tunku Abdul Rahman, wakili aliyeiongoza Malaya hadi uhuru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tunku Abdul Rahman ni nani?

Ni waziri mkuu wa kwanza wa Malaya huru, na baadaye wa Malaysia, tangu 1957 hadi 1970. Jina lake kamili ni Tunku Abdul Rahman Putra Al-Haj. Tunku ni cheo cha watoto wa masultani wa Kedah, lakini Mmalaysia akisema "Tunku" peke yake, anamkusudia yeye. Kabla ya siasa alikuwa mkuu wa wilaya, kisha mwendesha mashtaka wa serikali.

Katika majibu haya nimekaa zaidi upande wa sheria, kwa sababu ndipo anapoeleweka vizuri. Alichelewa mno kuwa wakili, akaiacha kazi hiyo mapema, lakini nchi aliiendesha kwa mtindo wa wakili mzuri anayetafuta suluhu kabla kesi haijafika mahakamani. Mtindo huo ulimpa ushindi mkubwa, na siku moja ulimshinda vibaya.

Alizaliwa wapi na wazazi wake ni akina nani?

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1903 mjini Alor Setar, makao makuu ya Kedah, kaskazini mwa Rasi ya Malay. Baba yake alikuwa Sultan Abdul Hamid Halim Shah. Mama yake, Cik Menjalara, alikuwa mke wa sita wa sultani huyo na asili yake ni Siam, yaani Thailand ya leo. Ndoa hiyo haikuwa ya ajabu: Kedah ilikuwa chini ya himaya ya Siam hadi mwaka 1909, Waingereza walipoichukua. Ndiyo maana kijana huyu alisoma kwanza shule ya Kimalay nyumbani, akapelekwa Bangkok, kisha akaingia Penang Free School kwa masomo ya Kiingereza.

Hakuwa mrithi wa kiti. Alikuwa na ndugu wengi waliomtangulia, na hakuna aliyetarajia makubwa kutoka kwake.

Ni kweli kwamba alifeli mitihani ya uwakili?

Ni kweli, na mwenyewe hakuwahi kulificha. Alikwenda Uingereza kwa ufadhili wa serikali ya Kedah, akasoma katika chuo cha St Catharine's, Cambridge, akapata shahada mwaka 1925. Baada ya hapo akajiunga na Inner Temple jijini London kusomea uwakili. Huko magari ya kasi, mbio za farasi na kumbi za dansi vilimla muda. Mitihani ikamshinda, na mwaka 1931 akarudi nyumbani bila cheti kuanza kazi katika utumishi wa umma wa Kedah.

Mwaka 1938 alirudi London kujaribu tena, akafaulu sehemu ya kwanza, vita vikazuka na masomo yakakatika. Akarudi mara ya tatu baada ya vita, mwishoni mwa 1946, akiwa na miaka 43, akikaa darasani na vijana walioweza kuwa wanawe. Mmoja wa vijana hao alikuwa Abdul Razak Hussein wa Pahang, mchapakazi asiyependa makuu, ambaye baadaye alikuwa naibu wake kwa miaka yote ya uongozi na mwishowe mrithi wake. Safari hii Tunku alifaulu, na mwaka 1949 akarudi nyumbani wakili kamili.

Kuna watu husimulia sehemu hii kama kichekesho. Kwangu ni jambo zito. Mtoto wa sultani mwenye mshahara na cheo hakulazimika kurudi kukalia dawati katika umri ule, na aliyejifunza kufeli mbele za watu huwa na subira na wenzake. Subira hiyo ilionekana baadaye mezani.

Katika miaka ya katikati alikuwa akifanya nini?

Alikuwa mkuu wa wilaya sehemu mbalimbali za Kedah: Kuala Nerang, Langkawi, Sungai Petani na Kulim. Kazi ilikuwa ya kusikiliza migogoro ya mashamba, kukagua barabara na kukaa na wakulima wa mpunga. Huko ndiko alikojifunza kuongea na mtu wa kawaida. Katika miaka hiyo pia alifiwa na mkewe wa kwanza, Meriam Chong, aliyeuawa na malaria na kumwachia watoto wawili.

Kisa cha kumteka baba yake ni cha kweli?

Ni cha kweli. Desemba 1941 Wajapani waliingia Malaya kutokea kaskazini, na Kedah ikawa njiani mwao. Iliamuliwa kwamba sultani, ambaye alikuwa mzee na mgonjwa, ahamishiwe Penang kisha Singapore. Tunku, wakati huo mkuu wa wilaya ya Kulim, alipinga. Aliona kwamba mtawala akikimbia na Waingereza, raia watabaki yatima mbele ya jeshi geni. Akauwahi msafara njiani, akaligeuza gari la baba yake na kumpeleka Kulim. Sultani akabaki na watu wake.

Waingereza walikasirika sana. Lakini siku chache baadaye Wazungu waliondolewa Penang kwa siri na wenyeji wakaachwa kwenye mabomu, na hapo wengi wakaelewa Tunku alikuwa ameona nini. Wakati wa ukaliaji wa Wajapani alisaidia pia watu waliotoroka reli ya mauti iliyojengwa kati ya Siam na Burma.

Uwakili wenyewe aliufanya muda gani?

Mfupi sana, kama miaka miwili. Alianza Alor Setar, kisha akahamishiwa Kuala Lumpur akiwa naibu mwendesha mashtaka wa serikali. Hakufungua ofisi yake binafsi. Mwaka 1951 siasa ikamwita, naye akaacha kazi pamoja na mshahara wake.

Aliingiaje kwenye uongozi wa UMNO?

UMNO, chama cha Wamalay, kilianzishwa mwaka 1946 na Onn Jaafar wa Johor, kupinga mpango wa Waingereza wa Muungano wa Malaya uliowanyang'anya masultani mamlaka yao. Mpango ulikufa, na tarehe 1 Februari 1948 likaja Shirikisho la Malaya badala yake. Baadaye Onn alitaka UMNO iwafungulie mlango watu wasio Wamalay. Wanachama wakakataa, naye akaondoka Agosti 1951. Wengi walimtazama Abdul Razak, lakini Razak alijiona mdogo, akampendekeza Tunku. Tarehe 26 Agosti 1951 Tunku akachaguliwa rais wa chama.

Alikuta chama hakina fedha. Pia alikuta kaulimbiu ya "Wamalay waishi", akaibadilisha kuwa "Merdeka", yaani uhuru. Badiliko hilo lilihamisha chama kutoka kujilinda hadi kudai.

Aliwaunganishaje Wamalay, Wachina na Wahindi?

Mwaka 1957 Wamalay walikuwa takriban nusu ya watu wa Malaya, Wachina zaidi ya theluthi, na waliosalia wengi wao Wahindi. Waingereza walirudia kusema kwamba hawatatoa uhuru kwa nchi ambayo jamii zake hazijapatana. Onn alitaka chama kimoja cha watu wote. Tunku alishika njia nyingine: kila jamii ibaki na chama chake, viongozi wakae meza moja na wagombea wao wasishindane.

Njia hiyo ilianza katika uchaguzi wa manispaa ya Kuala Lumpur Februari 1952. UMNO ya mjini hapo ilishirikiana na MCA, chama cha Wachina, wakachukua viti 9 kati ya 12. MIC, chama cha Wahindi, kikajiunga mwaka 1954. Katika uchaguzi mkuu wa Julai 1955 Muungano huo ulishinda viti 51 kati ya 52 vilivyogombewa, na Tunku akawa waziri kiongozi.

Makubaliano yenyewe yaliingizwa kwenye katiba. Wasio Wamalay walipata njia pana ya uraia, na aliyezaliwa nchini baada ya uhuru akawa raia kwa kuzaliwa. Wamalay walibakiwa na nafasi maalumu, Kimalay kikawa lugha ya taifa, na Uislamu ukawa dini ya shirikisho huku wengine wakiwa huru kufuata dini zao. Kila upande uliondoka na kitu na kila upande uliacha kitu. Mpaka leo Wamalaysia wanabishana kama mizani ilikuwa sawa, na wana haki ya kubishana. Ninachokiona ni kwamba mwaka 1957 hakukuwa na mezani pendekezo jingine ambalo pande zote tatu zingelitia saini.

Mazungumzo ya Baling yalihusu nini?

Tangu Juni 1948 Malaya ilikuwa chini ya hali ya hatari, kwa sababu wakomunisti walikuwa wakipigana msituni. Wasomaji wa Kenya wanaijua hali hiyo kwa jina la emajensi. Vijiji vilivyozungushiwa uzio huko kwao miaka ya 1950 vilifuata mbinu ambazo Waingereza walikwisha kuzitumia Malaya.

Baada ya kushinda uchaguzi, Tunku alitangaza msamaha na kukubali kuonana na kiongozi wa wapiganaji, Chin Peng. Walikutana tarehe 28 na 29 Desemba 1955 katika jengo la shule kwenye mji mdogo wa Baling, Kedah. Chin Peng alitoka msituni akisindikizwa na ofisa Mwingereza aliyepigana bega kwa bega naye dhidi ya Wajapani. Upande wa pili walikaa Tunku, Tan Cheng Lock wa MCA na David Marshall, waziri kiongozi wa Singapore, ambaye naye alikuwa wakili.

Chin Peng alitaka chama chake kitambuliwe na watu wake wasihojiwe wakitoka msituni. Tunku akakataa: chama kivunjwe, na kila mmoja aonyeshe utiifu wake kwa Malaya. Mapatano hayakupatikana. Hata hivyo Chin Peng alitamka neno ambalo Tunku hakuliacha lipite. Alisema wapiganaji wake wangekuwa tayari kuacha vita ikiwa serikali ya Tunku ingeshika yenyewe usalama wa ndani na ulinzi. Wiki chache baadaye Tunku alikuwa London, na neno hilo likawa silaha yake: mkitaka vita viishe, tupeni usalama na ulinzi. Tarehe 8 Februari 1956, siku aliyotimiza miaka 53, makubaliano ya uhuru yalitiwa saini. Alishindwa Baling na bado akatoka na ushahidi aliouhitaji kwa kesi kubwa zaidi.

Siku ya uhuru ilikuwaje?

Asubuhi ya tarehe 31 Agosti 1957, katika uwanja mpya wa Merdeka jijini Kuala Lumpur, Tunku alisoma tangazo la uhuru mbele ya masultani na maelfu ya watu, kisha akainua mkono na kupiga kelele "Merdeka!" mara saba, umati ukiitikia. Mkuu wa nchi alikuwa Yang di-Pertuan Agong, mfalme anayechaguliwa na masultani tisa miongoni mwao kwa zamu ya miaka 5. Mtindo huo unaendelea hadi leo.

Alikuwa na uhusiano wowote na Afrika?

Alikuwa nao, tena wa maana. Baada ya mauaji ya Sharpeville, Afrika Kusini, ya Machi 1960, Tunku aliibua suala la ubaguzi wa rangi katika mkutano wa mawaziri wakuu wa Jumuiya ya Madola, wakati ambapo wakubwa wengi walitaka mambo ya ndani ya mwanachama yasiguswe. Mwaka uliofuata, mkutano ulipokaribia, Julius Nyerere aliandika katika gazeti la Uingereza kwamba Tanganyika haitajiunga na Jumuiya ikiwa Afrika Kusini ya makaburu itabaki humo. Machi 1961 Afrika Kusini ikajiondoa. Watu hawa wawili walisukuma mlango uleule, mmoja akiwa ndani na mwingine nje.

Pia serikali yake ilipeleka wanajeshi Congo chini ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1960 hadi 1963. Nchi yenyewe ilikuwa na miaka 3 tu ya uhuru.

Kwa nini aliianzisha Malaysia, kisha akaiacha Singapore itoke?

Tarehe 27 Mei 1961, akizungumza na waandishi wa habari wa kigeni katika hoteli ya Adelphi, Singapore, alitoa wazo la kuziunganisha Malaya, Singapore, Sabah, Sarawak na Brunei. Alihofia Singapore ikijitawala peke yake itaangukia mikononi mwa wakomunisti. Brunei ilijitoa, nyingine zikaungana tarehe 16 Septemba 1963. Indonesia ya Sukarno ilipinga na kuendesha mapambano ya mipakani hadi 1966.

Mgogoro wa ndani ulikuwa mchungu zaidi. Lee Kuan Yew, kiongozi wa Singapore na wakili kama Tunku, alidai Malaysia ya usawa wa raia wote bila kujali asili. Viongozi wa UMNO waliona makubaliano ya 1957 yanavunjwa. Mwaka 1964 damu ilimwagika Singapore katika ghasia za kikabila. Katikati ya 1965 Tunku alilazwa hospitali London kwa mkanda wa jeshi, na akiwa kitandani, kwenye maumivu makali, akafikia uamuzi wa kuitenga Singapore. Tarehe 9 Agosti 1965 bunge lilipitisha sheria ya kuitoa Singapore kwa kura 126 bila hata moja ya kupinga. Lee alilia mbele ya kamera.

Wapo wanaouita uamuzi huu kushindwa kwake kukubwa. Mimi nauheshimu. Wapo wanachama wa chama chake waliotaka Lee akamatwe na Singapore itawaliwe kwa nguvu. Tunku alichagua kuachana, na haikufyatuliwa hata risasi moja.

Tarehe 13 Mei 1969 kulitokea nini?

Uchaguzi wa tarehe 10 Mei uliushtua Muungano: ulibaki na wingi wa viti, lakini kura zake zilishuka chini ya nusu. Siku tatu baadaye Kuala Lumpur ikawaka, Wamalay na Wachina wakiuana mitaani. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 196, na wengi huamini walikuwa zaidi. Bunge likasimamishwa na madaraka yakahamia kwa baraza la taifa la uendeshaji chini ya Abdul Razak.

Hapa ndipo mtindo wake ulipomshinda. Viongozi walipatana juu, lakini kijijini Mmalay maskini hakuona uhuru umemletea nini, na mjini Mchina maskini naye alijiona raia wa daraja la pili. Tunku aliyekuwa akijiita waziri mkuu mwenye furaha kuliko wote duniani hakuisikia hasira hiyo kwa wakati. Mwanasiasa kijana kutoka Kedah yake mwenyewe, daktari Mahathir Mohamad, alimwandikia barua kali ya kumtaka aondoke. Akafukuzwa chamani, lakini wengi walikuwa na mawazo kama yake. Mnamo 22 Septemba 1970 Tunku alijiuzulu. Mtoto wa kaka yake, Sultani wa Kedah, alikuwa amekalia kiti cha Agong siku moja kabla, na Tunku alisema haikufaa baba mdogo awe waziri mkuu wa mtoto wa kaka yake.

Ni kweli alitunga sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi?

Ndiyo. Hali ya hatari ilipoisha Julai 1960, serikali yake ilipitisha Sheria ya Usalama wa Ndani iliyoruhusu kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Alieleza kwamba ililenga wakomunisti waliobaki msituni. Oktoba 1987 serikali ya Mahathir iliitumia kuwakamata watu zaidi ya 100, wakiwemo wabunge wa upinzani na wanaharakati, na kufungia magazeti. Mojawapo ya magazeti hayo lilikuwa The Star, lililoanzia Penang, ambalo Tunku aliliandikia safu kila wiki. Mzee wa miaka 84 alipaza sauti kupinga, na mwaka uliofuata akapaza tena jaji mkuu wa nchi alipoondolewa kazini.

Sitamtetea kwa hili. Wakili anajua kwamba sheria haikumbuki nia ya aliyeiandika. Humtumikia yeyote anayeishika. Ila namheshimu kwa kutokunyamaza, kwa sababu kunyamaza kungemwachia uzee wa raha.

Aliufanyia nini Uislamu?

Alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, yenye makao Jeddah, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chini ya serikali yake mashindano ya kimataifa ya kusoma Qur'ani yalianza Kuala Lumpur mwaka 1961. Msikiti wa Taifa ulipojengwa, palikuwa na pendekezo uitwe kwa jina lake. Alikataa, na ukafunguliwa 1965 kwa jina la Masjid Negara. Wakati huohuo alisisitiza hadi uzeeni kwamba Malaysia si dola ya kidini. Mwaka 1983, alipotimiza miaka 80, alilisema hilo hadharani bila kuzunguka.

Na mpira?

Aliupenda kwa dhati. Alikuwa rais wa Shirikisho la Soka la Asia tangu 1958 hadi 1977, na mashindano ya Merdeka yaliyoanza 1957 ni matunda ya enzi yake.

Alifariki lini?

Tarehe 6 Desemba 1990 jijini Kuala Lumpur, akiwa na miaka 87. Alizikwa Langgar, Alor Setar, kwenye makaburi ya ukoo wa kifalme wa Kedah. Nyumba aliyoishi akiwa waziri mkuu jijini Kuala Lumpur sasa ni makumbusho yake.

Je, ni yeye aliye kwenye noti za ringgit, fedha ya Malaysia?

Hapana, ingawa wageni wengi hudhani hivyo. Yule ni Tuanku Abdul Rahman wa Negeri Sembilan, Agong wa kwanza. Majina yanafanana na maisha yao yalipishana mapema: wote wawili walisomea sheria Uingereza, na wanafunzi wa Kimalay walipoanzisha jumuiya yao huko miaka ya 1920, huyu wa kwenye noti ndiye aliyekuwa rais, na Tunku katibu wake.